Labda si Lazima: Asili ya Neno Isigeuzwe Fimbo

Ndugu zangu malenga na wapenzi wa lugha,

Kuna hoja moja inayozunguka katika kumbi zetu za ushairi, nami nimechoka kuiona ikipita bila kujibiwa. Inasemwa kwamba neno "labda" tunalitumia kimakosa. Wasemaji wake huanza na jambo la kweli: neno hilo limetokana na Kiarabu "la budda", na kwa Waarabu maana yake ni "hapana budi", yaani lazima. Kutoka hapo hurukia hukumu. Eti Mswahili asemaye "labda atakuja" akikusudia shaka ameliharibu neno la watu, na mshairi anayejiheshimu aliache. Wengine huongeza kwamba badala yake tuandike "huenda", kwa kuwa hilo ni letu la kuzaliwa.

Naikubali asili hiyo, na naikataa hukumu yote iliyojengwa juu yake.

Wala si mjadala wa kupitisha jioni. Nimeliona shairi la kijana mmoja likirudi kwake na mstari mwekundu chini ya "labuda", jinsi washairi wengi waliandikavyo neno hilo ili wapate mizani ya tatu. Pembeni mhakiki alikuwa ameandika: "Angalia asili." Vina vya kati katika ubeti wa nne vilikuwa vimepotea, naye hakuvigusa. Kosa la kweli lilipita salama, na neno lisilo na kosa likaadhibiwa. Kijana yule alijifunza nini? Alijifunza kwamba Kiswahili alichonyonya kwa mama yake kinahitaji idhini kutoka ng'ambo kabla hakijawa sahihi.

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kiarabu, "budd" ni njia ya kuepuka, upenyo wa kutokea. "La" ni kanusho. "La budda" basi ni "hakuna pa kukwepea". Kutoka chimbuko hilo Kiswahili kilipata maneno mawili. La kwanza ni "budi", ambalo kwa kawaida halitembei bila kanusho: sina budi, huna budi, hapana budi. Hapo kanusho la Kiarabu limeondolewa, likawekwa letu, na ulazima ukabaki mzima kama ulivyokuja. La pili ni "labda", ambamo kanusho na jina vimegandamana hata msemaji wa kawaida hasikii tena kwamba palikuwa na vipande viwili. Ndugu hawa wamegawana urithi: mmoja kachukua ulazima, mwingine kachukua shaka.

Sasa nawauliza wanaodai kwamba wazee wetu hawakuielewa maana ya "la budda": watu hao wasioelewa waliwezaje kusema "sina budi" kwa usahihi usio na doa? Walielewa vyema. Walikuwa na haja ya maneno mawili, wakatengeneza mawili. Anayelipokea neno la jirani, akabaki na maana yake katika umbo moja na kuigeuza katika umbo jingine, hajapotoka njia. Huyo ni fundi anayejua kilichomo katika karakana yake.

Mtaniuliza: lakini ulazima unageukaje shaka, mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi? Hayako mbali hivyo. Mtu anabisha hodi usiku, taa zimezimwa, kimya. Anasema: "Lazima wamelala." Je, amewaona wamelala? Hajawaona. Angewaona angesema tu, "Wamelala." Asiyeona, anayekisia, ndiye anayeliita neno "lazima" limsaidie. Au mgeni ameshuka kwenye basi la kutwa nzima, nasi tunamwambia: "Bila shaka umechoka." Tumesema bila shaka, na bado yeye anaweza kujibu kwamba hajachoka, wala hakuna atakayemwona mkaidi. Neno la uhakika likitumiwa mara kwa mara juu ya makisio hupauka, kama kanga inayofuliwa kila siku na kuanikwa juani. Kwanza ni yakini, kisha ni dhana yenye nguvu, mwisho ni dhana tu. Hiyo ndiyo njia ninayoiona "labda" ikiipita, na kila siku tunawaona "lazima" na "bila shaka" wakiwa hatua za mwanzo za njia hiyo hiyo.

Wala si njia ya Waswahili peke yao. Wafaransa wana "sans doute", ambayo neno kwa neno ni "bila shaka". Mfaransa wa leo akikwambia "sans doute", ujue anakusudia "yaelekea". Akitaka yakini kamili hana budi kuongeza neno na kusema "sans aucun doute", yaani "bila shaka yoyote". Na hiyo ni nchi yenye Akademia ya lugha tangu 1635, chombo kinachojulikana kwa kuilinda lugha yake. Akademia haikuzuia maji hayo kushuka. Wahispania nao husema "seguramente", ambalo kwa sura ni "kwa hakika", na mara nyingi humaanisha "yamkini" tu. Mbona hatusikii mtu akiwaambia Wafaransa na Wahispania kwamba hawazijui lugha zao?

Tuendelee kuzunguka, kwani safari hii ina faida. Mjerumani akitaka kusema labda husema "vielleicht", neno lililotokana na maneno mawili yenye maana ya "kwa wepesi sana". Hakuna Mjerumani anayefikiri juu ya wepesi anapolitamka. Mwajemi husema "shayad", kutoka kitenzi chenye maana ya kufaa na kustahiki, na neno hilo likahamia Kiurdu na Kihindi likiwa tayari limeshakuwa la shaka. Mhispania ana "quizá", ambalo chanzo chake ni swali la Kilatini: nani ajuaye? Swali limekauka likawa kielezi, wala hakuna anayesubiri jibu. Mwingereza ana "perhaps", na ndani yake mmelala neno la kale la bahati, lililopokewa kutoka kwa watu wa Skandinavia na kuunganishwa na kiambishi cha Kilatini. Mjapani husema "tabun", na alama zake za maandishi zinasomeka "sehemu kubwa". Mfaransa katika "peut-être" na Mswidi katika "kanske" wamechukua njia nyepesi: "yaweza kuwa", "yaweza kutukia".

Lakini ndugu wa karibu zaidi wa "labda" yuko Uturuki. Waturuki husema "belki". Neno hilo limeungwa kwa "bal" ya Kiarabu, yenye maana ya "bali", na "ki" ya Kiajemi, yenye maana ya "kwamba". Kwa Waajemi na kwa wasemaji wa Kiurdu, umbo hilo kwa kawaida hubeba maana ya "bali" au "tena zaidi ya hayo". Mturuki alilipokea, akaligeuza kuwa "labda", na leo hakuna mtoto wa Istanbul anayeadhibiwa kwa kutoisema maana ya Tehran. Neno la kuazima, maana iliyogeuzwa, na lugha haikuanguka.

Katika mifano yote hiyo somo ni moja. Asili inatuambia neno lilitoka wapi. Haituambii neno liko wapi. Anayetaka kujua leo neno lina maana gani awaulize wanaolitumia, na juu ya "labda" wanaolitumia hawajagawanyika. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliandika maana ya shaka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ikaandika hiyo hiyo. Wala si kamusi zilizoleta maana hiyo. Ziliikuta mdomoni mwa watu.

Nije sasa kwa wale wa kundi la pili, wanaotaka "labda" liondoke ili "huenda" likae peke yake. Hawa nawaheshimu kwa mapenzi yao, lakini nawaomba walisikilize "huenda" kabla ya kulitwisha mzigo wa mwenzake. "Huenda" ni kitenzi kilichostaafu: "hu" ya mazoea na "enda". Bado kina tabia za kitenzi. Kinapenda kutangulia, na kinapenda kufuatwa na kitenzi kingine, mara nyingi chenye "ka": huenda akaja, huenda ikawa. "Labda" ni huru zaidi. Linakaa mwanzo, linakaa kati, linakaa mwisho: "Atakuja kesho, labda." Jaribu kuweka "huenda" mahali hapo uone jinsi sentensi inavyoachwa mdomo wazi. Mtu akiulizwa kama atahudhuria harusi anaweza kujibu "Labda" na mazungumzo yakaisha. Akijibu "Huenda", anayeuliza atasubiri neno la pili.

"Pengine" nalo lina mipaka yake. Ni la kwetu kabisa, kutoka "pa" ya mahali na "ingine", likaanza na mahali, likaingia katika wakati, kisha katika shaka. Lakini halijauacha wakati: "pengine hucheka, pengine hulia" ni habari ya mara kwa mara, si ya kukisia. "Yamkini", lililotoka kwa "yumkin" ya Kiarabu, ni zito zaidi, linafaa hoja na hukumu. Na "asaa", ambalo vijana wengi hawalijui tena, ni shaka iliyochanganyika na tumaini: asaa mvua ikanyesha, asaa mgonjwa akapona. Ukisema "labda mgonjwa atapona" umekisia. Ukisema "asaa" umekaribia kuomba dua.

Hii ndiyo hazina ambayo hoja ya asili inatupofusha tusiione. Tunagombana juu ya pasipoti ya "labda" huku "asaa" likifa nyumbani bila mtu wa kulifunga macho. Tunatafsiri kila shaka ya Kiingereza kwa "labda", ukurasa mzima, kana kwamba Kiswahili kina kiwango kimoja tu cha kutojua. Mhakiki mwenye kalamu nyekundu angemfaa zaidi kijana yule kwa kumuuliza: "Shaka yako hapa ni ya namna gani? Ya kukisia, ya kutumaini, au ya kupima ushahidi?" Swali hilo lingemfanya mshairi. "Angalia asili" lilimfanya mwoga.

Na kuna hatari kubwa kuliko ya mashairi. Mwanafunzi wa darasa la dini anasoma kitabu cha Kiarabu, anakuta "la budda" mbele ya jambo la wajibu. Akiwa ameaminishwa kwamba "labda" na "la budda" ni neno moja, ataandika "labda" katika tafsiri yake, na nguzo itakuwa hiari. Tafsiri sahihi ni "hapana budi", na anayejua kwamba maneno haya mawili yameachana zamani ndiye atakayeipata. Tugeuze upande wa pili: shahidi anasimama mahakamani na kusema, "Labda alikuwa yeye, sikumwona vizuri." Je, hakimu amsikilize kwa maana ya Kiarabu, amwandike kuwa alisema hapana budi alikuwa yeye? Mtu atafungwa kwa etimolojia? Hakuna atakayethubutu, na hapo hoja yote ya asili inaporomoka. Kwani kama haifai mahali ambapo uhai na uhuru wa mtu vinategemea neno, haifai popote.

Sisemi tuache kuchimba asili. Mimi mwenyewe naipenda kazi hiyo, na makala haya yasingekuwapo bila ya hiyo. Kujua kwamba "budi" na "labda" ni tumbo moja ni jambo tamu, na mshairi anayelijua anaweza kuwakutanisha ndugu hao katika ubeti mmoja na kuwafanya watazamane. Ninachokataa ni asili kupewa kiti cha hakimu. Tunasema "karibu" kwa mgeni mlangoni, na Kiarabu cha neno hilo ni ukaribu tu, hakuna kiti wala maji ya kunywa ndani yake. Ukarimu tulilitilia sisi. Mbona hakuna anayetuambia turudishe?

Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Dunia imekubali kwamba lugha hii ina wenyewe. Ingekuwa aibu kama wenyewe tungebaki wapangaji, tukiangalia nyuma kila tunapofungua kinywa. Kwa wahakiki na waamuzi wa mashindano nasema hivi: mkikuta "labda" mahali pa shaka, lipiteni kwa salama na mwende mkakague vina.

Nami naaga kwa ubeti mmoja, wa mkono wangu:

Neno likishahamia, kwao ni pale lilipo,
Wenyeji wakitumia, maana ndipo ilipo,
Chimbuko ukirudia, utalikuta halipo,
Mzizi nausifia, tunda nalichuma papo.