Risala ya Wananchi wa Visiwa vya Pasifiki kwa Viongozi wa Jukwaa la Ushirikiano wa Kiuchumi la Asia na Pasifiki (APEC)

Waheshimiwa viongozi wa serikali,
Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Ushauri la Wafanyabiashara,

Sisi ni wavuvi, wakulima na vijana wa visiwa vya Pasifiki. Sera za mazingira mnazozijadili ndizo zitakazoamua kama watoto wetu watabaki na mahali pa kuishi.

Mwaka 2014 wanakijiji wa Vunidogoloa, Fiji, walilazimika kuhamia ndani zaidi ya kisiwa chao kwa sababu bahari ilikuwa ikiingia majumbani mwao. Mwaka 2016 kimbunga Winston kiliua watu 44 nchini humo humo. Huko Kiribati na Tuvalu, maji ya chumvi yanaharibu visima na mashamba ya majimbi. Haya yanatupata ilhali hewa ukaa tunayotoa haifiki hata asilimia 1 ya ile ya dunia nzima.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, mwaka 2009 mjini Singapore mliahidi kuondoa ruzuku za mafuta, gesi na makaa ya mawe zinazochochea matumizi ya ovyo. Hamkutaja mwaka wa kukamilisha. Mwaka 2012 mjini Vladivostok mliorodhesha bidhaa 54 za mazingira ambazo ushuru wake ungeshuka hadi asilimia 5 au chini ya hapo ifikapo mwisho wa 2015. Biashara ilipewa orodha, kiwango na tarehe. Uhai wetu ukapewa ahadi tupu.

Pili, wafanyabiashara wana baraza lao tangu 1995, nalo huwashauri wakuu wa nchi ana kwa ana. Kati ya nchi zetu za visiwa, ni Papua New Guinea pekee iliyo mwanachama wa APEC. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tunaokilalia hatuulizwi.

Tatu, tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri lililoanzishwa na wanafunzi wetu na kubebwa na Vanuatu, ilieleza kuwa kutoa leseni na ruzuku za mafuta, gesi na makaa ya mawe kunaweza kuwa kosa chini ya sheria ya kimataifa. Leseni bado zinatolewa.

MADAI YETU

1. Tajeni mwaka wa mwisho wa ruzuku za mafuta, gesi na makaa ya mawe, na kila mwanachama atangaze kila mwaka kiasi anachotoa.
2. Undeni baraza la wananchi wa visiwa lenye nafasi sawa na lile la wafanyabiashara.
3. Sitisheni leseni mpya za makaa ya mawe, mafuta na gesi.
4. Wanachama matajiri wachangie mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa mwaka 2022, kwa msaada na si kwa mkopo.

Mlipotaka kushusha ushuru, mlijifunga kwa tarehe. Tunadai mjifunge vivyo hivyo kwa ajili yetu, na mtujibu kwa maandishi kabla ya mkutano wenu ujao wa wakuu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wananchi wa Visiwa vya Pasifiki