Tumtazame Kweche Kabla ya Kumtungia

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, hoja ninayoileta leo ni nyepesi kuitaja lakini nzito kuitekeleza. Tunatunga juu ya ndege tusiowatazama, na wale tunaoamka nao kila siku uani hatuwataji. Katika tungo nyingi zinazonipitia mikononi, ndege ni wale wale: tausi kwa urembo, njiwa kwa kupeleka salamu za mapenzi, kasuku kwa kurudia maneno ya watu. Sina ugomvi nao, maana wamekitumikia Kiswahili kwa muda mrefu. Lakini hapa Pangani sijapata kumwona tausi akikatiza uani kwa jirani. Ninaowaona ni shomoro upenuni, chozi mauani, mnana akifuma viota kwenye makuti ya minazi, tetere akidonoa chenga mlangoni mwa jiko, na masika yakikolea, kweche kwenye majani marefu kando ya majaruba ya mpunga.

Huyu kweche ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Yuko wa aina zaidi ya moja, lakini yule wa pwani yetu wataalamu wamempa jina la Euplectes nigroventris, yaani mwenye tumbo jeusi. Makao yake ni ukanda wa pwani, tangu Kenya, kupita kwetu na Unguja, hadi Msumbiji. Dume lake wakati wa mvua huvaa wekundu unaowaka kuanzia utosini hadi mgongoni, na chini likawa jeusi tititi. Hujitutumua manyoya likaonekana kubwa kuliko lilivyo, kisha huruka polepole juu ya nyasi kama nyuki mnene, ili majike yalione. Dume ndilo lifumalo kiota. Jike huja kukikagua, na likiridhika hutandika ndani kwa majani laini. Mvua zikiisha, wekundu nao huisha. Dume hurudi kuwa na rangi ya udongo yenye michirizi, likafanana na jike na shomoro, hata asiyelijua akadhani kweche wamehama.

Nimesoma kwamba Wamarekani nao wana ndege wao mwekundu wa uani, kardinali wa kaskazini. Watu humtundikia mbegu za alizeti karibu na dirisha ili wamwone akitua, na majimbo saba yamemchagua kuwa ndege wa jimbo. Yeye hahami wakati wa baridi wala habadilishi vazi, kwa hiyo wekundu wake huonekana hata juu ya theluji. Jike lake pia huimba, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wengi wa huko. Katika karne ya 19 alikuwa akinaswa na kuuzwa awekwe tunduni. Sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao ndiyo iliyosaidia kuikomesha biashara hiyo. Leo hii watu wa kule hufurahi naye akiwa huru, na wanamjua kwa jina, mkubwa kwa mdogo.

Liko jambo la lugha hapa ambalo halipaswi kutupita. Kardinali aliitwa hivyo kwa sababu ya mavazi mekundu ya makadinali wa Kanisa Katoliki. Wazungu walipomwona kweche wetu nao walimpa jina la askofu, kwa mawazo yale yale ya joho. Kiswahili hakikuhitaji joho la mtu yeyote. Kilikuwa na neno lake, kweche, fupi na lenye mlio. Swali langu ni hili: ikiwa neno tunalo, na ndege tunaye, kwa nini kijana wa sekondari akiulizwa anajibu, “Ni kindege fulani chekundu”?

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na zoezi moja nililipenda. Niliwaambia wanafunzi waandike majina kumi ya ndege kwa dakika tano. Kuku, bata, kunguru, njiwa, mwewe na bundi walikuja upesi. Baada ya hapo kalamu zilisimama. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima na wavuvi, waliokulia Bweni, Mwera au Mkwaja, na macho yao yalikwisha kuwaona ndege hao mara elfu. Walichokosa ni majina, kwa sababu hakuna aliyewarithisha.

Kamusi nazo hazitusaidii sana. Tafuta jina la ndege asiye maarufu, na mara nyingi utakuta maelezo ya maneno matatu au manne: aina ya ndege mdogo. Siwalaumu watunga kamusi, kwani kazi yao ni pana na kurasa ni chache. Lakini neno likielezwa hivyo huwa limebaki ganda. Msomaji wa kesho atajua kuwa kweche ni ndege, asijue kuwa ni mwekundu, wala kuwa wekundu wake ni wa msimu. Hapo ndipo ninapoona wajibu wa mshairi. Mshairi ana nafasi ambayo kamusi haina: anaweza kumweka ndege pale alipo, akafanya afanyalo, na msomaji akamjua bila kuambiwa maana.

Faida kwa utungaji wenyewe ni kubwa. Mfano wa kwanza ni huyo kweche. Tausi ni sitiari ya urembo wa kudumu na majivuno. Kweche ni sitiari ya urembo unaokuja na mvua, ukaondoka, ukarudi. Anayetaka kutunga juu ya ujana, juu ya biashara ya msimu, au juu ya mtu ambaye fahari yake imefifia kwa muda tu, ana picha tayari uani kwake. Lakini lazima atazame kwanza, asije akamwandika kweche mwekundu katikati ya kiangazi.

Mfano wa pili ni chozi, kile kindege chenye mdomo mrefu uliopinda, kinachonyonya utamu wa maua. Jina lake ni sawa na tone la jicho. Tofauti huletwa na upatanisho wa kisarufi: chozi limedondoka ni kilio, chozi ametua ni ndege. Mwalimu wa sarufi hawezi kupata mfano bora kuliko huo, na malenga hawezi kupata fumbo lililo karibu zaidi. Wa tatu ni dudumizi, mwenye sauti kama maji yamiminwayo kutoka kwenye chupa, ambaye wakulima humsikiliza wakingojea mvua. Jina lake lina mizani minne kamili, linakaa katika kipande cha mizani minane bila kusukumwa.

Najua nitakayojibiwa. Mkulima atasema kweche ni mwizi wa mpunga, na mwizi hasifiwi. Ni kweli anakula nafaka, na anayelima majaruba ana haki ya kuilinda riziki yake. Lakini tazameni ugomvi huo ulivyoitajirisha lugha. Tuna kitenzi kuamia, ambacho maana yake ni kulinda shamba dhidi ya ndege. Tuna dungu la kukalia mlinzi, na kombeo la kurushia mawe. Tuna ulimbo wa kunasia na tundu la kufungia. Maneno haya yalizaliwa na watu waliowajua ndege wao kwa sababu walishindana nao. Anayeamia na anayetunga wote wawili ni watazamaji. Asiyetazama ndiye anayepoteza ndege na maneno kwa pamoja.

Na kupoteza si jambo la kubuni. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Akavuka, akaenea katika miji yote ya pwani, Tanga na Pangani zikiwemo. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na anaposhamiri sauti nyingine uani hupungua. Anastawi kwa uchafu wetu, hivyo kila jalala lililo wazi ni kiota tulichomjengea. Biashara ya ndege hai nayo iliwahi kuwa kubwa nchini, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Kwa upande wa watoto, manati bado ni mchezo.

Basi napendekeza mambo matatu, na hakuna lililo ghali. Kwanza, tuache kipembe cha ua bila kufyekwa hadi udongoni, tuweke kigae cha maji safi, na tufunike takataka. Kweche hapandi darini. Anahitaji majani marefu na utulivu. Pili, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wakusanye majina, kila jina na mahali lilipotoka. Pwani hii ina Kimtang’ata, na nyuma yake wako Wazigua, Wabondei na Wasambaa. Ndege mmoja anaweza kuwa na majina manne, na yote ni mali. Tatu, malenga tukubaliane kwamba kila atakayemtaja ndege awe amemwona, au awe amemuuliza aliyemwona.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alipata kufanya kazi ya forodha hapa Pangani. Mto aliouona ndio huu, na matete ni haya. Sisi tulioachiwa lugha aliyoitumikia hatuna kisingizio cha kukosa la kutazama. Mimi nimejaribu ubeti mmoja, nanyi mnaruhusiwa kuukosoa:

Nimemwona matetini, mwekundu aitwa kweche,
Masika yakiwa ndani, mgongo una macheche,
Ewe mwana wa jirani, manati yako ufiche,
Tumwite jina nyumbani, wenetu wasimuache.

Kina cha che ni kigumu, najua. Atakayeweza aongeze ubeti wa pili, na katika ubeti huo aweke ndege mmoja wa uani kwake kwa jina analotumia bibi yake.