Viambishi vya Ngeli na Kitufe cha Tab

Dai kwamba Kiswahili hakifai kutumika katika majina ya saraka limeanza kusikika hata katika madarasa ya isimu. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa akiandaa programu ya kuchanganua matini, aliziita saraka zake vifurushi, vielelezo, vipimo, majaribio, matokeo na maagizo. Baada ya wiki moja alizibadilisha zote kuwa za Kiingereza. Lalamiko lake lilihusu kitufe cha Tab.

Anayeandika amri kwenye kompyuta huingiza herufi za mwanzo za jina, akabonyeza Tab, na jina likajikamilisha. Majina yakifanana mwanzoni, ukamilishaji hukomea pale yanapoanza kutofautiana. Kwa hiyo v ilimpa vi, na m ikampa ma, basi.

Je, kasoro hiyo ni ya Kiswahili? Npm, kidhibiti vifurushi cha Node.js, kilikuwa na faili iitwayo package.json. Toleo lake la 5, la mwaka 2017, lilileta package-lock.json, na tangu hapo ukamilishaji hukomea kwenye package. Sijasikia aliyehitimisha kwamba Kiingereza hakifai.

Hata hivyo, kwetu mgongano ni wa kimfumo, kwa kuwa kiambishi cha ngeli hutangulia mzizi. Katika ngeli ya LI-YA dawa ni umoja: jaribio, tokeo, agizo. Kiambishi hutoweka na maneno hutengana tangu herufi ya kwanza. (Maktaba haimo humu; ma- yake ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, ingawa Tab haijui etimolojia.) Katika KI-VI umoja huhamisha tu mgongano kutoka vi- hadi ki-, hivyo sharti kuchanganya umoja, wingi na visawe.

Kwa upande wa amri zenyewe, Kiswahili kina nafuu: kitenzi cha kuamuru huanza na shina tupu, kama vile ondoa, tafuta, pakua. Anayetafsiri amri za kidhibiti vifurushi kwa kuondoa, kutafuta na kupakua huirudisha tabu ile ile kwa hiari yake.

Mwanafunzi yule sasa ana jaribio, tokeo, agizo, picha na kipimo. Vifurushi amelibakiza katika wingi. V peke yake yatosha kulifikia.