Unabandika tinti au unabandika kiza?

Leo nina neno na nyie wenye magari mnaopenda vioo vyeusi tii.

Mafundi wa tinti nawaangalia sana. Fundi wa kweli anaosha kioo upande wa ndani kwa maji ya sabuni, maana tinti inabandikwa ndani, siyo nje. Halafu ananyunyiza maji tena, analaza karatasi na kuyakamua kwa raba. Kioo cha nyuma kimepinda, kwa hiyo karatasi anaipasha moto mpaka ilale. Malengelenge ya maji hukauka yenyewe. Ya vumbi? Hayo ndugu yangu utaishi nayo! Ukitoka hapo usishushe vioo siku 3 hadi 5, na usifutie dawa yenye amonia. Ile tinti ya bei poa, rangi tupu, jua likiichapa inageuka zambarau.

Sasa patamu hapa. Tinti namba 5 maana yake inapitisha mwanga asilimia 5 tu. Mchana unatesa, hakuna anayekuona. Usiku je? Unakata kona mtaa hauna taa, yule mama anayevuka na ndoo yake kichwani utamwonea wapi?

Mimi nasema hivi: kiza peleka nyuma, milango ya mbele iachie mwanga. Spea za gari Gerezani zimejaa tele, jamani. Spea ya roho ya mtu haiuzwi popote.

Tukutane wiki ijayo!