Baraza ya Nyumbani: Mashua Iliyolala Darini



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wataiona kuwa ni mchezo wa watoto, nayo ni kuitengeneza upya mashua ndogo ya mbao, ya zamani, inayoendeshwa kwa mawimbi ya redio. Nawaomba msifunue ukurasa upesi, kwani kijana atapata humu kazi ya mikono, na mzazi atapata neno la kufikiri.

Chombo cha namna hii si kipya duniani. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokuwa ikielea tangini na kugeuka huku na huku bila ya waya wala kamba. Tarehe 8 Novemba ya mwaka ule akapewa hati ya uvumbuzi wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa katika miaka ya 1950 na 1960, kazi hii ikaenea majumbani mwa watu wa Uingereza. Madukani yaliuzwa masanduku ya vipande vya mbao pamoja na michoro yake, na mtu akajiundia chombo mezani kwake. Mashua moja iliyojulikana sana ni Sea Queen ya Aerokits, yenye urefu wa inchi 46, yaani zaidi kidogo ya mita moja.

Marehemu kaka yangu alikuwa miongoni mwa Wazanzibari waliohamia Portsmouth baada ya mwaka 1964. Alizoea kuona vyombo vikiundwa pwani tangu utotoni, na alipofika katika nchi ya baridi alinunua sanduku kama hilo, akaiunda mashua yake mwaka 1967. Alipofariki, shemeji yangu aliniita nimsaidie kupanga vitu vya nyumba. Darini tukaikuta mashua, imefunikwa kwa shuka kuukuu. Rangi ilikuwa imebabuka, sitaha imeinuka upande wa kushoto, na rafadha imeshikwa na kutu hata haizunguki.

Mjukuu wake, kijana wa miaka 16, aliifurahia mno. Akaniambia, "Babu, hii naimaliza Jumamosi moja tu." Kabla sijamjibu alikwisha leta mashine ya kupigia msasa, akaiwasha pale pale sebuleni. Vumbi jekundu likaruka likatanda juu ya mkeka, na juu ya mkeka ule alikuwapo dada yake mdogo, mtoto wa miezi minane, anatambaa na kutia vidole kinywani.

Nikamwambia, "Zima mashine, mjukuu wangu. Mtoe mtoto kwanza, maneno baadaye."

Hapa, ndugu wasomaji, nataka niseme wazi, kwani ni jambo la uzima. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Madini hayo yakiingia mwilini ni sumu, na mtoto mdogo hudhurika kuliko mtu mzima, kwani huharibu ubongo wake unaokua. Basi rangi kuukuu haisuguliwi kavu, wala haisuguliwi ndani ya nyumba. Husuguliwa nje, kwa msasa wa maji, mbao ikiwa imeloweshwa ili vumbi lisiruke. Mtu huvaa kizuizi cha pua na mdomo kilicho madhubuti, si kitambaa tu. Uchafu wote hukusanywa ukatupwa kwa hadhari, mikono huoshwa kabla ya kula, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Siku ile tuliukunja mkeka tukautoa nje, tukapangusa sebule nzima kwa matambara ya maji, na kazi ya mashua ikangoja wiki moja.

Tulipoanza tena tulianza kwa kutazama. Kijana alipiga picha kila waya na kila skrubu kabla ya kuvifungua, maana kitu kilichofunguliwa bila ya kumbukumbu hurudishwa kwa kubahatisha. Kisha tukachukua sindano nene, tukagusa mbao pahala baada ya pahala, kuanzia omo hadi tezi. Mbao nzima hukataa sindano, iliyooza huipokea kama mkate. Tukaona kwamba mkuku ulikuwa mzima, na mataruma karibu yote mazima, lakini gundi ilikuwa imekauka na kupasuka mahali pengi. Upande wa kulia, karibu na katikati, ubavu ulikuwa laini, wala hatukujua kwa nini maji yaliingia hapo na si penginepo.

Ikatubidi tuinue sitaha. Tulifanya hivyo kwa kisu chembamba na kwa subira, inchi kwa inchi, hata ikatoka bila ya kuvunjika. Kijana akaigeuza, akanyamaza, kisha akauliza, "Babu, hiki ni Kiarabu?"

Nikatazama. Yalikuwa maandishi ya kalamu ya risasi, mwandiko wa kaka yangu. Nikamwambia, "Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili. Ndivyo alivyofundishwa kuandika babu yako."

Nikamsomea: "Taruma la tatu la kulia nimelikata fupi. Nimeongeza kibao. Atakayefungua aangalie hapa."

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Alikuwa akijua. Kila akirudi bwawani alikuwa akimwaga maji yaliyoingia, akisema iko siku ataifungua." Halafu akaingia ndani, na sisi hatukumfuata.

Yule kijana aliyetaka kuimaliza mashua kwa Jumamosi moja, alitumia Jumamosi tatu kwa taruma lile moja. Alikikata kile kibao kilichooza, akachonga taruma zima kwa mbao ya plaiwudi yenye unene ule ule, akalipima mara nne kabla ya kulikata. Tulilitia gundi ya epoksi, ambayo haipitishi maji, tukalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo hata likakauka. Mafundi wetu wa pwani huziba nyufa za jahazi kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Mashua ndogo ya plaiwudi haina nafasi ya kalafati, hivyo uzima wake wote hutegemea gundi na rangi. Rangi nayo tuliipaka nyembamba, mara nyingi, na kila mkono wa rangi ulikauka kabla ya mwingine.

Ama redio yenyewe, ilikuwa ya ajabu kwa kijana. Chombo cha mkononi kilikuwa na kitufe kimoja tu. Ndani ya mashua mlikuwa na kijigurudumu kilichozungushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Ukibonyeza kitufe, usukani hugeuka upande mmoja. Ukiachia, hurudi katikati. Ukibonyeza tena, hugeuka upande wa pili. Kijana akauliza, "Sasa babu alijuaje zamu hii itakwenda upande gani?" Nikamjibu, "Alikumbuka alipogeukia mara ya mwisho. Aliyesahau aligonga ukuta."

Mitambo ile ilikuwa imekufa, na betri zilizosahauliwa ndani zilikuwa zimevuja na kuzila nyaya. Tukatia mota mpya, sevo ya kugeuza usukani, na kipokezi cha masafa ya gigahezi 2.4. Katika mitambo ya sasa kipokezi hufungamanishwa na chombo chake cha mkononi, hivyo watu wengi huweza kuendesha mashua zao bwawani bila ya kuingiliana, na si kama zamani ambapo wawili wenye masafa mamoja iliwalazimu kupeana zamu. Karibu na betri tulitia fyuzi, kwani rafadha ikinaswa na majani, mota huvuta umeme mwingi na nyaya zaweza kuwaka. Vitu vya zamani hatukuvitupa. Tulivisafisha, tukavifunga kwa kitambaa, tukaviweka ndani ya kopo pamoja na zile picha.

Kabla ya kuifunga sitaha, kijana alinijia na kalamu ya risasi. Akaniomba nimwonyeshe namna ya kuandika maneno machache kwa herufi za babu yake. Ilimchukua jioni nzima. Chini ya mstari wa kaka yangu akaandika: "Taruma la tatu limebadilishwa. Taruma la tano lina ufa mdogo, nimeutia gundi. Mwangalie." Kisha akatia mwaka, na tukaifunga.

Tuliijaribu kwanza katika bafu la nyumbani, tukipanga vipande vya uzito hata ikakaa sawa majini. Halafu tukavuka bandari kwa feri, tukaenda bwawa la vyombo vidogo la Gosport. Shemeji yangu alikaa kwenye benchi, amejifunga mtandio wake, hasemi neno. Mashua ikaenda nusu saa. Iliporudi ukingoni, kijana alifungua kifuniko, akatia mkono chini kabisa, penye ngama. Kisha akauweka mkono ule katika kiganja cha bibi yake. Ulikuwa mkavu.

Ndugu wasomaji, tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya maandishi yale. Kaka yangu alikosea kipimo, kama anavyokosea fundi yeyote. Angeweza kupaka rangi akanyamaza, na sisi tungalitafuta tundu la maji mwaka mzima. Lakini aliandika kosa lake pahala ambapo atakayekuja kutengeneza lazima atapaona.

Je, sisi wazazi tumewaandikia nini watoto wetu? Twawaonyesha rangi ya nje tu. Twawaficha madeni, ugomvi wa ndugu, na maradhi yanayorithiwa katika ukoo, nao huja kuona maji yameingia chomboni na hawajui yaingilia wapi. Wazee wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kumweleza mtoto aliyekwisha pata akili, kwa wakati wake na kwa upole, kwamba hapa mimi nilikata fupi, hakumpunguzii mzazi heshima yake. Humpa mtoto pahala pa kuanzia kazi.

Nanyi vijana, mkiona kitu kikuukuu nyumbani, kiulizeni kwanza kabla ya kukiwashia mashine. Na ikiwa yupo mzee wa kuwasomeeni maandishi yake, mwiteni mapema.