Shamba si sebule

KIBARAZANI na Mwanaidi Kondo

Wiki hizi za kungojea masika, ukishavuka Kongowe na kushika Barabara ya Kilwa kuelekea Mkuranga, moshi unakupokea kabla ya mtu yeyote. Kila shamba lina chungu ya majani makavu inayofuka. Sisi wenye mashamba tunaokaa Dar es Salaam tumeshapiga simu: "Safisha shamba, mvua hizo zinakuja." Anayepokea simu anajua bosi akifika Jumamosi anataka kuona nini. Mchanga mtupu uliofagiwa, minazi imesimama peke yake, chini hakuna hata jani.

Usafi wa namna hiyo unafaa sebuleni. Ardhi ya huku ni kichanga, maji yakimwagwa yanazama, mbolea nayo inafuata. Rutuba kidogo iliyopo imetoka kwenye majani yaliyooza. Tunayachoma Machi, mvua ya kwanza inakokota jivu, matone yanapiga udongo ulio wazi, na ikifika Mei tunaulizana bei ya mfuko wa mbolea.

Jumamosi iliyopita mzee anayenitunzia shamba alikuwa na kiberiti mfukoni. Tulibishana kwa heshima zote. Mwishowe makuti tukayakatakata na kuyatandaza kuzunguka mashina, makumbi tukayafukia kando ya miche michanga ili yashike maji. Kazi ilituchukua hadi adhuhuri, na sikatai kwamba kiberiti kingeimaliza kwa dakika kumi.

Kitu kilichostahili moto kilikuwa kimelala nyuma ya banda, na hakuna aliyekuwa akikitazama: gogo la mnazi ulioangushwa na upepo. Mzee alilipasua kwa shoka. Ndani limekuwa unga wa kahawia, na kwenye unga huo wamejikunja mabuu weupe, wanene kama kidole gumba, vichwa vyekundu. Hao ndio chonga wa kesho. Akishakomaa, chonga ni dude jeusi lenye pembe, hupanda usiku hadi kileleni na kutoboa majani machanga yakiwa bado yamekunjwa. Kuti likija kufunguka, unaliona limekatwa pembetatu, ungedhani mtu amepita na mkasi. Akifika kwenye moyo wa mche, mche umekwenda. Kumbe basi tunateketeza majani yanayotusaidia na kuacha gogo linalotuangamiza, kwa kuwa majani ni mepesi kukusanya na gogo ni zito. Kuku wa jirani walikula mabuu wakashiba, gogo tukalichoma.

Jioni ikanyesha. Haikuwa nyingi, lakini ilitosha kunikumbusha mfereji wa bati ulioziba. Bati la nyumba yangu ni mita 8 kwa 6. Mvua ya milimita 20 ikidondoka hapo ni lita 960, karibu tangi zima, na watu bado wananunua maji ya bodaboda huku yakichuruzika ukutani. Maji ya mwanzo nayaachia yapite na vumbi lake. Kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, nikawasha taa ya barazani niwatazame.

"Shikamoo, bibi," nikamsalimia jirani aliyekuwa ameketi na beseni la maji chini ya taa yake.

"Marahaba, mwanangu. Hebu zima hiyo taa, unaniibia mboga."

Nikazima.

Jumapili ilikuwa zamu ya chungu wanaoitwa maji moto. Nawataja kwa adabu, maana wameniuma shingoni tangu utotoni, na najua wengi wenu mkisikia jina tu mnawaza dawa ya kupuliza. Lakini simama siku moja chini ya mkorosho uwatazame wakijenga. Wanashikana kiuno kwa kiuno, mnyororo wa chungu hai, wanavuta majani mawili mpaka kingo zikutane. Kisha wengine wanaleta watoto wao, mabuu, wamewashika mdomoni, wanawagusisha jani hili na lile, na uzi unaotoka kwa buu ndio unaoshona. Mkubwa hana uzi. Mtoto ndiye anao.

Kazi yao kwetu ni kubwa kuliko uchungu wao. Mkulima wa pwani anayeona vidaka vinapukutika kabla havijawa vitale hulaumu jua, au jicho la mtu. Mara nyingi mkosaji ni kunguni wa minazi, anayefyonza vidaka na kuviachia mate yenye sumu. Maji moto humwinda. Mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alilichunguza jambo hili Zanzibar miaka ya 1950, na kunguni mwenyewe akapewa jina la kisayansi la kumkumbuka: Pseudotheraptus wayi. Kwenye mikorosho, maji moto hao hao humkabili mbu wa mikorosho. Tatizo ni kwamba chini kuna chungu wadogo wa kahawia wanaowafukuza, na juu kuna sisi na bomba la dawa.

Ndiyo maana sikukubali kupuliza. Hata tawi la mkorosho linalogusa mnazi nimezuia lisikatwe, kwa sababu ndiyo njia yao ya kuhamia mti wa pili bila kushuka chini wakapigwe.

Mkwezi alipofika kuangua, alizunguka shamba zima akichungulia vilele, akarudi amekunja uso. Minazi yenye maji moto, akasema, bei yake mbali. Nilimwambia ashushe kidogo, akanionyesha mikono yake, nami sikuwa na jibu. Mzee alikuwa kimya pembeni, kiberiti bado kimetuna mfukoni, akisubiri nikasirike niseme wachomwe. Nimelipa alichotaka mkwezi, na kwa hesabu ya nazi alizoshusha kwenye miti hiyo, nitalipa tena.