Ripita Bila Risiva ya Kudhibiti Ni Matatu Bila Breki

Leo tuwachane na TikTok kidogo. Kuna mlima hapa nje ya mji, siutaji, na juu yake kuna kasanduku ka chuma kamepigwa kufuli. Ndani kuna ripita ya redio za ridhaa, ile hobi ya watu wenye leseni ambao majina yao ya hewani hapa Kenya huanza na 5Z4. Redio yako ya mkononi ya wati 5 haivuki kilima. So unaongea kwa masafa moja, tuseme 145.000, ripita inakusikia kule juu, na saa hiyo hiyo inarusha sauti yako kwa 145.600. Mtu ako bonde la upande ule anakupata ni kama mmekaa benchi moja.

Mimi sina leseni bado. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea umeme, karo ilinishinda, na huwa nabebea hawa wazee betri nikipanda mlima. Hiyo ndiyo maabara yangu sasa. Na ina vifaa kuliko ile ya chuo, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Sasa, kikundi kimechanga pesa. Jumamosi wanapiga kura: wanunue amplifaya ya kuongeza nguvu, ama waweke risiva ya pili ya kudhibiti ripita. Wengi wanataka amplifaya. Mimi nasema wanakosea, na sababu niliiona kwa macho.

Tulikuwa tunasaidia mashindano ya baiskeli kule bondeni, mahali simu haishiki. Kila kituo kilikuwa na mtu na redio. Saa nne na nusu hivi, jamaa fulani mwenye redio ya bei rahisi akaangukia masafa yetu ya kuingilia. Mugithi ikaanza kucheza mlima mzima. Sidhani hata alijua. Ripita ina taima, ikirusha dakika tatu mfululizo inajikata. Lakini huyo alikuwa anabonyeza, anaachilia, anabonyeza tena, na kila akiachilia taima inaanza upya. Muziki, kimya, muziki. Kwa FM mwenye nguvu humeza mnyonge, hakuna kuchanganyika. Mwendesha baiskeli akaanguka akavunjika mkono, na ujumbe wa kuita ambulensi ukaishia kubebwa na pikipiki. Dakika 40.

Kinachoniuma ni hiki: dawa ilikuwa ndani ya hilo sanduku. Ripita inaweza kuwekwa ikatae mtu yeyote ambaye redio yake haitumi mlio fulani wa chini, tuseme wa 88.5 Hz. Huyo mgeni hana huo mlio, kwa hivyo hangefungua kitu. Mlio ulikuwa umezimwa ili wenye redio za zamani waingie. Kuuwasha ni kubonyeza nambari za siri kwa toni za DTMF, zile sauti za simu ukipiga nambari. Lakini amri hiyo inapitia wapi? Kwa 145.000, palepale muziki ulipokuwa. Mzee wetu alikaa kwa veranda akibonyeza mpaka kidole kikachoka. Mwishowe akaingia kwa gari, akapanda mlima, akazima swichi kwa mkono.

Risiva ya kudhibiti ni masikio ya pili. Inakaa kwa sanduku lilelile lakini inasikiliza masafa tofauti kabisa, kwa kawaida kule 430 MHz kwenda juu, na kazi yake ni moja tu: kusikia amri. Haitoi sauti yake hewani, la sivyo mtu angerekodi zile toni na kuzicheza. Ndani unahitaji redio kuukuu, chipu ya kusoma toni kama MT8870, kakompyuta kadogo kama Arduino, na rilei inayokata waya wa kurusha. Rilei uifunge hivi: umeme ukiisha kwa kidhibiti, ripita inazima yenyewe. Na msichague 436.8 tafadhali, kwa sababu 145.6 mara tatu ni hiyo hiyo, na ripita itajipigia kelele sikioni.

Nayo amplifaya? Inafanya mugithi isikike mbali zaidi, basi.

Kuna wenzangu wa rika langu wanasema, "Weka laini ya simu, udhibiti na intaneti." Nilikuwa huko pia. Lakini tumesema nini? Bondeni simu haishiki, na siku mlingoti wa simu ukilala ndiyo siku ripita inahitajika. Ni kama kuweka imeli ya kurudisha akaunti iwe ndani ya akaunti ileile iliyoibiwa. Usiniulize nilijuaje, page yangu ya kwanza ilienda hivyo. Laini ya simu iwe ya ziada, sawa. Isiwe ya kwanza. Marekani, sheria za FCC zinataka ripita inayodhibitiwa kwa mbali isirushe zaidi ya dakika 3 kiungo cha udhibiti kikiharibika. Mtu alikaa chini akafikiria siku mambo yataharibika.

Swali ambalo naogopa ni lingine, na wazee hawapendi nikilitaja. Nani atashika hizo nambari? Mtu mmoja akiwa nazo peke yake, siku akikosana na mwenzake anamzimia ripita. Akisafiri, tumerudi palepale kwa veranda. Wawe watatu, mmoja wao awe chini ya miaka 30, kila kuzima kuandikwe kwa daftari, na nambari zibadilishwe mara kwa mara. Mzee aliniambia, "Kijana, wewe hata leseni huna." Ni kweli, Mzee. Mtihani naufanya.

Jumamosi sitapiga kura. Lakini ile redio kuukuu nishainunua Luthuli kwa pesa yangu, 2,500, na iko kwa begi.